Mke Aliyekwenda Kupumzika

Kumsuka mtoto ndani ya gari si kazi ya kumtakia hata adui. Shingo inauma, kitana kinaangukia chini ya kiti, hita ukiiwasha sana unatoka jasho, ukiizima vidole vinakufa ganzi. Lakini ndivyo Leah alivyokuwa akimsuka binti yake Ikupa kila Jumamosi, mbele ya nyumba yake mwenyewe huko Maple Grove, Marekani, nyumba ya ghorofa yenye gereji ya magari matatu. Mumewe alikuwa amebadilisha namba za siri za kufuli la mlango, akasema hataki fujo ndani.

Fujo! Mwanamke ameketi kwenye Toyota kuukuu na kopo la mafuta ya nazi, eti hiyo ndiyo fujo.

"Mama, why can't we just go inside?" Ikupa aliuliza. Alikuwa na miaka tisa. Kiswahili alikielewa chote, hata kile cha kusengenyana, ila majibu yake yalikuwa ya Kiingereza.

"Baba yako amesema tukae hapa. Geuza kichwa."

"It's your house too."

"Najua, mwanangu. Geuza kichwa."

Mumewe, Chacha, alitoka na kikombe cha kahawa, amevaa ndala juu ya soksi, akagonga kioo cha gari kwa pete ya ndoa. Pete hiyo hakuwa ameivua. Wakili wake alimwambia inapendeza mbele ya jaji.

"Mama Ikupa, muda umekwisha."

"Bado upande mmoja, baba Ikupa. Nimalizie tu."

"Makubaliano ni makubaliano. Atamaliziwa saluni."

Akafungua mlango, akamshika mtoto mkono. Ikupa akashuka kichwa nusu kimesukwa, nusu nywele zimesimama wima, akaufunika ule upande kwa kiganja kwa sababu jirani alikuwa nje akiondoa theluji na alikuwa anatazama. Leah alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akaghairi. Immeze kwa kosa gani? Yeye kafanya nini?

"Na umzoeshe mapema," Chacha alisema akiwa ameinama dirishani. "Mwezi wa sita anakwenda bweni, Arusha. Huku watoto wanaharibika."

"Nani kaamua?"

Chacha alitabasamu. "Aliyebaki naye."

* * *

Wakili wa Leah, Bi Sorenson, alikuwa mama wa Kizungu mwenye miwani iliyoning'inia kifuani na tabia ya kusema ukweli bila kuutia sukari. Leah alikwenda ofisini kwake, katikati ya Minneapolis, pamoja na Nkatha, muuguzi mwenzake, Mkenya wa Meru aliyempa chumba nyumbani kwake, mji jirani wa Savage. Pesa ya wakili ilikuwa imechangwa na chama cha akina mama cha huyo Nkatha. Ndiyo, mke wa tajiri alichangiwa, kwa maana akaunti zote zilikuwa za Chacha.

Mezani kulikuwa na ofa. Leah apewe nyumba ya Woodbury isiyo na deni, apewe gari jipya, apewe na fedha kila mwezi, nyingi kuliko mshahara wake. Naye aiache kampuni, asiulize tena habari ya hoteli ya Mwanza, na Ikupa akae kwa baba yake, ambaye ndiye atakayeamua asome wapi.

"Ukikataa unaweza kukosa vyote," Bi Sorenson alisema. "Jaji ataangalia mtoto amezoea wapi na nani anamlea sasa. Wao wanasema uliondoka kwa hiari yako, na begi moja, ukamwacha mtoto. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Alikupiga? Alikufukuza?"

"Hapana. Nilikwenda kupumzika."

Bi Sorenson akavaa miwani ili amwone vizuri. "Kupumzika wapi?"

Nkatha akajishika kichwa. "Wewe Leah! Usiambie judge hivyo. Ata-think ulikuwa vacation, na mtoi umemwacha kwa nyumba!"

Sasa angesema vipi? Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kampuni ya Chacha, ile ya nyumba za kulelea wazee na walemavu, ilifunguliwa kwa leseni ya uuguzi ya Leah, na zamu za mwanzo, za kuwageuza wagonjwa na kufua mashuka, alizifanya Leah. Mwezi wa tisa akagundua kwamba hoteli iliyojengwa Mwanza kwa fedha ya kampuni hiyo imeandikwa jina la shemeji yake, ndugu wa Chacha. Akauliza. Akajibiwa, "Unauliza kama nani?" Neno hilo lilimchoma kuliko kofi.

Hakwenda polisi, hakwenda kwa wakili. Alikwenda kwa wazee, kama alivyolelewa. Jumuiya ya Watanzania wa hapo ilikuwa na kikao chake cha usuluhishi, na mwenyekiti alikuwa Mzee Elkanah, mhandisi, mtu wa heshima zake. Mzee alimsikiliza, akatikisa kichwa, akatoa hukumu ya siku zote: "Nenda ukapumzike, binti yangu. Kwa rafiki yako, kwa ndugu, popote. Mtoto mwache asome. Nguo zako ziache kabatini. Mwanamume akiona kitanda kitupu atatia akili. Sisi tutamleta akufuate."

Kila mwanamke wa kwao angeelewa. Ukibeba kila kitu na watoto, umevunja nyumba. Ukiondoka na begi moja, watoto ukawaacha na nguo ukaziacha, unadai haki yako, na mume anajua anachotakiwa kufanya: anakuja na wazee, anatoa faini, anaomba radhi, mnarudi. Leah akaenda Savage, akangoja. Majani yakageuka rangi, yakaanguka, theluji ikafunika. Siku moja, kwenye maegesho ya kazini, kijana asiyemjua akamuuliza jina, akamkabidhi bahasha. Madai ya talaka. Na ndani imeandikwa kwamba mke ameitelekeza nyumba na mtoto wake.

Bi Sorenson alisikiliza yote hayo bila kuandika.

"Ninakuamini," alisema mwishowe. "Lakini jaji hawezi kuniamini mimi nikimweleza mila zenu. Nahitaji mtu aliyekutuma. Huyo mzee atasema?"

"Ni shahidi wa Chacha," Leah alijibu.

Wakili akaisogeza ile ofa karibu na Leah, polepole, kama anayemsogezea mgonjwa uji.

Leah akairudisha. "Mwanangu si kiwanja. Waambie sitaki."

"Ndiyo maneno hayo!" alisema Nkatha.

* * *

Hata hivyo alikwenda Woodbury kumwona Mzee Elkanah. Alikaribishwa vizuri, akawekewa chai ya maziwa na karanga, na sebuleni ukutani kulikuwa na picha ya uzinduzi wa ukumbi wa jumuiya: Mzee ameshika mkasi, Chacha ameshika utepe. Viti vya ukumbi ule, jiko na spika zake, vyote vilitoka mfukoni mwa Chacha. Na mtoto mkubwa wa Mzee, Ipyana, alikuwa meneja katika kampuni ya huyohuyo Chacha. Mtu wa namna hiyo unamwomba akuseme vizuri wapi?

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nimesikia umekataa nyumba."

"Nimekataa, mzee."

"Hii hapa mtaa wa pili tu, nyumba nzuri, ina bustani nyuma. Wanawake wangapi wanaachwa na sufuria?" Alipuliza chai yake. "Mwenye nguvu mpishe. Mtoto atakua, atakutafuta mwenyewe. Damu haipotei."

"Nilimpisha mwezi wa tisa. Ninyi ndio mlionituma."

"Tulikutuma kwa nia njema."

"Basi kayaseme hayo mahakamani. Sikuombi zaidi. Sema tu kwamba wewe, Elkanah, ulimwambia Leah aende na amwache mtoto."

Mzee akaweka kikombe chini. Mtu mkubwa kuitwa jina lake tupu nyumbani kwake, na mtoto wa kumzaa! Lakini Leah alishavuka mto huo.

"Mambo ya kikao hayapelekwi mahakamani," Mzee alisema. "Tukianza kuanikana mbele za watu, jumuiya itabaki na nini?"

"Mimi nimeshaanikwa, mzee. Nimeitwa mama aliyemtupa mwanawe. Au mimi si jumuiya?"

"Nimeitwa kusema Chacha ni baba mzuri. Nitasema hivyo, kwa sababu sijaona ubaya wake kwa mtoto. Mengine sitayagusa."

"Basi asante kwa chai," Leah akasema, na kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari aliposikia viatu nyuma yake. Mama Ipyana, mke wa Mzee, alikuwa amekuja mbio na kopo la maandazi, koti la mumewe mabegani, kichwani kilemba cha nyumbani. Leah alimjua kama mwanamke wa kupika kwenye sherehe na kukaa mwisho wa benchi.

"Chukua, ule njiani. Nimesikia yote, niko jikoni mimi, si kaburini." Akatazama nyuma kidogo, kisha akaacha kutazama. "Hukunijua zamani. Mwaka mume wangu alipopoteza kazi alikuwa anarudi amelewa, ananitukana mbele ya watoto. Nikaenda kupumzika kwa kaka yangu. Watoto nikawaacha na yeye, watatu, mdogo ananyonya chupa. Alinifuata na wazee, akatoa faini, pombe akaiacha. Watu wa hapa hawajui. Wameambiwa nilikwenda kuuguza."

"Mama, kwa nini unaniambia?"

"Ili mwanasheria wako amuulize. Asimuulize habari zako, hizo atazikwepa. Amuulize kama mimi nilitelekeza wanangu."

Leah akaacha kukwangua. "Litasemwa mbele ya watu, mama. Na Ipyana yuko kwa Chacha. Atafukuzwa kazi."

"Ipyana ana mikono na miguu." Mama Ipyana akamkazia macho. "Wewe unafikiri unapigania wako peke yako? Nimekuwa siri ya mtu miaka yote hii, kana kwamba niliiba. Liseme. Yule namjua, nimelala naye kitanda kimoja tangu ujana. Ni mwoga wa watu, lakini kwa hilo hatadanganya."

* * *

Mahakamani hakuna anayepiga kelele. Watu wanakutukana kwa sauti ya chini, kwa tai, kisha wanasema asante. Wakili wa Chacha alisimama akaeleza kwamba mteja wake ni mfanyabiashara na baba anayejitoa, kwamba mama aliondoka nyumbani mwezi wa tisa bila kulazimishwa, na kwamba tangu hapo humwona mtoto mara moja kwa wiki, "na hata ndani ya nyumba haingii."

Zamu ya Leah ya kusema ilipofika, alisimama, akaambiwa aketi, akaketi.

"Siingii kwa sababu alibadilisha namba za mlango. Nimemsuka mwanangu kwenye gari majira yote ya baridi. Kama hiyo ni kumtupa mtoto, basi sijui kumbeba kukoje."

Wakili wa Chacha alimuuliza kwa upole kama kuna mtu alimshika mkono kumtoa nje. Hapana. Kama kuna mtu alimkataza kuondoka na mtoto. Hapana. "Asante, bibi." Chacha akanyoosha mkono wa shati lake ili pete ionekane.

Ndipo akaitwa Mzee Elkanah. Suti ya kijivu, beji ya jumuiya kifuani. Alisema Chacha ni baba mzuri, ni mtu wa kujitolea, mtoto hana shida. Akataka kushuka.

"Swali dogo," alisema Bi Sorenson, bado ameketi. "Umeoa?"

"Miaka mingi."

"Mkeo amewahi kuondoka nyumbani na kukuachia watoto?"

Mzee akageuka taratibu. Kule nyuma, benchi la mwisho, alikuwa ameketi Mama Ipyana, amevaa kitenge chake cha harusi za watu, mkoba magotini. Mzee hakuwa na habari kama angekuja. Wakili wa Chacha akaruka kupinga. Jaji, bwana mmoja mwenye mvi aliyekuwa kimya asubuhi yote, akasema anataka kusikia jibu.

"Hilo ni jambo la nyumbani kwangu," alisema Mzee.

"Aliondoka?"

"Aliondoka."

"Kwa hiyo aliwatelekeza watoto wake."

"Nani? Mama Ipyana?" Sauti ya Mzee ilipanda ikajaa chumba kizima. "Wewe mama, chunga ulimi wako! Mke wangu hajamtelekeza mtu tangu azaliwe. Mimi ndiye niliyekuwa na makosa. Alikwenda kupumzika, alikwenda kwa kaka yake, kwa heshima, watoto akawaacha ili nijue nyumba bado ni yake. Ndivyo tunavyofanya sisi! Mwanamke wa kutaka kuvunja nyumba hubeba kila kitu. Anayeacha watoto na nguo zake anasema, nifuate. Na mimi nilimfuata!"

Karani aliacha kuchapa kidogo, kisha akaendelea. Chacha alikuwa anatazama meza.

Jaji akainama mbele. "Na mume asipomfuata?"

Mzee Elkanah sasa alikuwa ameona alipofika, lakini mkewe alikuwa anamtazama, na hakuwa tayari kumpoteza mara ya pili mbele ya Wazungu.

"Basi, mheshimiwa," alisema, "mume ndiye aliyemwacha mke. Mke hakumwacha mtu."

"Na huyu bibi hapa," Bi Sorenson aliuliza, "nani alimwambia aende, na amwache mtoto?"

"Mimi," akasema Mzee. "Nilimwambia mimi. Chacha nilimwambia pia akamfuate. Zaidi ya mara moja nilimwambia. Alinijibu yuko bize."

Leah hakulia. Alikuwa ameapa kutolia katika jengo lile. Ila mkono wake ulitafuta wa Nkatha, aliyeketi benchi la nyuma yake, akauminya mpaka Nkatha akanong'ona, "Utanivunja, dada."

* * *

Amri ya jaji ilitoka kabla barafu iliyofunika maziwa na mito haijayeyuka. Mtoto atalala kwa mama yake siku zote za shule, na kwa baba yake wikendi. Hatatolewa nje ya nchi bila wazazi wote wawili kukubali, na pasi yake ya kusafiria ikabidhiwe kwa mawakili. Hoteli ya Mwanza iwekwe mezani pamoja na mali nyingine zote, jina lolote lililoandikwa juu yake. Talaka yenyewe ilikuwa bado, na Chacha alikuwa na mawakili wa kutosha kuivuta mwaka mzima. Wacha avute.

Ipyana alifukuzwa kazi wiki hiyohiyo. Mama yake alimpikia wali wa nazi, akamwambia atafute nyingine.

Leah alipanga vyumba viwili Maple Grove, nyuma ya maduka, karibu na shule. Hakukuwa na kochi. Viti vya plastiki aliazima kwa Nkatha, godoro la mtoto lilikuwa jipya, la kwake lilitoka duka la vitu vilivyotumika. Alifungua mlango wake kwa ufunguo wake, na asubuhi ya kwanza aliufunga na kuufungua mara nyingi bila sababu yoyote.

Siku moja ya kazi, jioni kabla giza halijaingia, mlango uligongwa. Ikupa alikuwa ameketi sakafuni katikati ya magoti ya mama yake, anasukwa. Leah akanyanyuka na kitana mkononi, akafungua.

Walikuwa wamejipanga kwenye korido kama wanakwaya. Mzee Elkanah mbele, wazee wengine wawili wa kikao nyuma yake, na mwisho kabisa Chacha, amevaa suti ya bluu, kreti ya soda mkono mmoja, doti za vitenge kwapani, na bahasha ya faini ikichungulia mfukoni. Hatimaye amekuja kumfuata mkewe! Tena kwa utaratibu wote, kama ilivyoandikwa kwenye vichwa vya wazee. Alikuwa ameupata muda, baada ya jaji kuitaja Mwanza.

"Hodi, binti yangu," alisema Mzee.

"Karibuni. Shikamooni, wazee."

"Marahaba." Mzee hakuweza kumtazama sawasawa. "Tumechelewa. Tunajua tumechelewa. Lakini tumemleta."

"Nimemwona. Karibuni ndani, viti ndivyo hivyo. Chai iko kwenye chupa, vikombe hapo mezani. Mtaniwia radhi, nina kazi."

Akarudi, akaketi kwenye kiti chake, akamvuta mtoto katikati ya magoti. Wazee wakajimiminia chai wenyewe. Hakukuwa na kiti cha nne, na Chacha akabaki amesimama mlangoni na kreti yake. Alikohoa.

"Mama Ikupa, tunaweza kuongea? Nina kikao saa moja."

"Bado upande mmoja, baba Ikupa," alisema Leah. "Ngoja nimalizie."

Akachovya kidole kwenye mafuta, akachora mstari wa kichwani taratibu, ulionyooka, akaanza kusuka. Hakuharakisha. Mzee Elkanah alikunywa chai akitazama sakafu. Soda zikagongana ndani ya kreti kila Chacha alipobadili mkono, na hakuna aliyemwambia aiweke chini.

Ikupa akainua macho. Alikuwa ameelewa kila neno, kama kawaida yake.

"Mama," alinong'ona, "are we going with them?"

"Hapana, mwanangu," Leah alijibu, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. "Wamekuja kunywa chai. Geuza kichwa."